Ndege Moja, Kazi Tatu: Gripen katika Jeshi la Anga la Afrika Kusini

Zamani Jeshi la Anga la Uswidi lilikuwa na ndege za kivita za Viggen: Viggen ya kushambulia, Viggen ya kukabili ndege za adui, na nyingine za upelelezi. Umbo lilikuwa karibu lilelile, lakini rada, kamera na mafunzo ya marubani vilitofautiana, kwa hiyo kundi moja halikuweza kuziba pengo la jingine. Gripen, ndege ya kivita ya Uswidi iliyoanza kazi mwaka 1996, iliundwa ili ndege ileile na rubani yuleyule wafanye kazi zote tatu. Afrika Kusini ilinunua 26 za aina hiyo, 17 za kiti kimoja na 9 za viti viwili, zikachukua nafasi ya ndege za kivita za Cheetah zilizostaafu mwaka 2008. Kituo chao ni Makhado, kaskazini mwa Limpopo.

Gripen ya kiti kimoja ina urefu wa mita 14.1, injini moja, mzinga wa milimita 27 wenye risasi 120, na sehemu nane za kuning'inizia mizigo. Ya viti viwili haina mzinga, kwa sababu nafasi yake imeliwa na kiti cha pili. Katika sehemu nane hizo, mbili za ncha za mabawa ni za makombora mepesi ya kujilinda. Nne ziko chini ya mabawa, moja katikati ya tumbo, na moja chini ya tundu la hewa la kulia, ambako hufungwa chombo cha kulengea chenye kamera ya joto na mwanga wa leza.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Rubani anaweza kubadilisha kazi akiwa angani, kutoka kusaka ndege hadi kulenga shabaha ya ardhini, kwa kubonyeza vitufe tu, kwa kuwa rada na kompyuta zinajua kazi zote. Kisichobadilika akiwa angani ni mzigo aliofungiwa chini. Tangi la ziada likiwa tumboni, chombo cha kupigia picha cha upelelezi, ambacho kwa kawaida hukaa hapohapo, hakina mahali. Matangi mawili yakienda chini ya mabawa, nafasi za mabomu zinapungua kwa nusu. Kwa hiyo kazi ya ndege kwa siku hiyo huamuliwa kwa sehemu kubwa na fundi na afisa wa silaha kabla rubani hajapanda ngazi.

Mafuta ndiyo yanayobana zaidi. Tangi za ndani hubeba zaidi kidogo ya tani mbili. Kwa mwendo wa kawaida yanatosha safari ya kueleweka, lakini rubani akiwasha kichomeo cha ziada, kile kinachotoa ulimi wa moto nyuma, na kukiacha kwa nguvu zote karibu na usawa wa bahari, tangi hukauka kwa chini ya robo saa. Gripen ina bomba la kupokelea mafuta angani, lakini Afrika Kusini haijawa na ndege ya kujaza mafuta angani tangu ilipozistaafisha Boeing 707 zake mwaka 2007. Kutoka Makhado hadi Cape Town ni zaidi ya kilomita 1,500. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, Gripen zilipopewa ulinzi wa anga, jambo la kwanza lilikuwa umbali: ndege iliyoegeshwa Limpopo haiwezi kuulinda uwanja wa mpira wa Cape Town. Sharti ihamishwe mapema, na pamoja nayo wahamie mafundi, makombora, mitungi ya gesi, vipimio na vipuri.

Wakati wa amani, kazi inayowagusa raia moja kwa moja ni kuikabili ndege isiyojibu redio au iliyoingia anga iliyofungwa. Mara nyingi si mhalifu; ni rubani aliyekosea masafa ya redio au aliyepotea njia. Taratibu ni za kimataifa, na kila rubani wa ndege ndogo anapaswa kuzijua. Ndege ya kivita huja kutoka nyuma, kisha hukaa juu kidogo na mbele kidogo, kwa kawaida upande wa kushoto, ili rubani anayefuatwa aione kutoka kiti chake. Hutikisa mabawa na kuwasha na kuzima taa zake: maana yake, umekabiliwa, nifuate. Anayefuatwa naye hutikisa mabawa kuonyesha ameelewa, huita kwenye megahezi 121.5, na huweka transponda, kifaa kinachoijibu rada kwa namba, kwenye namba 7700 kama hajaagizwa vingine. Ndege ya kivita ikizunguka juu ya uwanja na kushusha magurudumu, inamwagiza atue hapo. Ikikata kona ghafla ya nyuzi 90 au zaidi huku ikipanda, bila kuvuka mbele yake, ameruhusiwa kuendelea. Kosa la hatari ni kushtuka na kupiga kona kali, kwani pale juu hakuna anayeweza kutofautisha woga na nia mbaya.

Tatizo jingine ni mwendo. Ndege ndogo ya propela huenda polepole kuliko mwendo wa chini kabisa ambao ndege ya kivita inaweza kuhimili bila mabawa kupoteza nguvu ya kuibeba, kwa hiyo hulazimika kuizunguka na kuipita mara kadhaa.

Chini, Waswidi waliiunda Gripen itumike kwenye vipande vya barabara kuu vyenye urefu wa mita 800 hivi, ihudumiwe na fundi mmoja na askari vijana watano. Kwa ndege inayokwenda kupambana angani, kujaza mafuta, kufunga makombora na kukagua huchukua kama dakika kumi. Takwimu hiyo hupendwa sana na wauzaji, nayo ni ya kweli, lakini inahusu ndege nzima yenye vipuri vyote karibu. Haielezi kinachotokea kipuri kikikosekana.

Afrika Kusini ilikiona. Mwaka 2013 waziri wa ulinzi alilieleza Bunge kwamba ndege 12 kati ya 26 zimewekwa kwenye hifadhi ya muda mrefu, kwa kuwa bajeti haikutosha kuzirusha zote. Wengi hudhani ndege iliyofunikwa haina gharama. Sivyo: mipira ya kuzibia hukauka, unyevu huingia kwenye viunganishi vya umeme, na baruti ya kiti cha kumrusha rubani ina tarehe ya mwisho hata kama kiti hakijakaliwa. Mwaka 2021 mkataba wa huduma na mtengenezaji ulikwisha bila mwingine kuwa tayari, na Gripen zote zikakaa chini hadi mkataba mpya ulipopatikana mwaka 2022. Hazikuwa zimeharibika. Bila mtengenezaji hakuna vipuri vyenye cheti wala maelekezo mapya ya ufundi, na bila hivyo hakuna afisa anayeweza kutia saini kwamba ndege ni salama kuruka.

Rubani naye hupoteza uwezo wake ndege zikiwa chini. Nchi za NATO kwa miaka mingi zimetumia saa 180 kwa mwaka kama kipimo cha rubani wa ndege za kivita. Mwenye kazi tatu anazigawa saa hizo kwa mapambano ya angani, mashambulizi na upelelezi, usiku na mchana. Zikipungua, jeshi hulazimika kuchagua, na kwa kawaida linalobaki ni ulinzi wa anga. Mazoezi ya kulenga ardhini ndiyo huachwa kwanza.

Na si kila vita huihitaji ndege hii. Novemba 2013, kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilipokuwa kikipambana na waasi wa M23 mashariki ya Kongo, Afrika Kusini ilitumia helikopta za Rooivalk kushambulia, zikiruka karibu na askari wa miguu kwenye vilima ambako Gripen ingepita kwa sekunde chache tu.