Kigari cha gofu kinachokata nguvu njiani: kipime kikiwa kinapanda

Malalamiko huja kwa sura moja. Kigari kinaondoka vizuri, kikifika katikati ya kilima kinazima. Dereva anaachia pedali, anasubiri kidogo, anakanyaga tena, kinaondoka kama hakikuwa na shida. Kikifika kwa fundi hakizimi hata ukikibembeleza. Fundi anapima betri, mita inasoma volti 50, basi inabaki kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, ya kulaumiwa. Hapo ndipo hela za watu zinapopotea. Kontrola ni kifaa ghali, na ikiharibika kwa kawaida haiponi yenyewe baada ya dakika mbili. Tatizo la kukata na kurudi mara nyingi liko kwenye muunganiko uliolegea, mguso wa swichi ulioungua, au betri moja inayoanguka ikibanwa na mzigo.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mambo hayo matatu yanakuja haraka. Kigari kilichoundwa kwa ajili ya uwanja wa nyasi, ukikipandisha vilima vya Mufindi kikiwa na abiria wanne kitavuta ampea zaidi ya 200, wakati kwenye tambarare kinavuta sehemu ndogo tu ya hizo. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na upande wa Tukuyu unyevu hauishi kwenye soketi. Kisha Juni na Julai inakuja baridi, na betri ya risasi ikiwa baridi inatoa nguvu pungufu hata kama imejaa chaji.

Kabla ya kugusa spana, muulize dereva maswali. Kinazima kwenye mwinuko tu, au hata kwenye tambarare? Kikiwa kimepata moto, au asubuhi na mapema? Kikipita kwenye bonde au matuta? Kinapozima, je, unasikia ule mlio wa "tak" kutoka chini ya kiti? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko mengine yote. "Tak" ni solenoidi, ile swichi kubwa inayofungua na kufunga njia ya umeme mkubwa. Kigari kina njia mbili za umeme: njia ndogo ya nyaya nyembamba inayopita kwenye ufunguo, swichi ya mbele na nyuma, na swichi ndogo ya pedali hadi kwenye koili ya solenoidi, na njia kubwa ya kebo nene inayotoka betri, kupitia solenoidi na kontrola, hadi kwenye mota. Solenoidi ikiachia wakati mguu bado uko kwenye pedali, anza na nyaya nyembamba. Ikibaki imeshika na kigari kimekufa, tafuta kwenye kebo nene, miguso ya solenoidi yenyewe, kontrola au mota. Tahadhari moja: kwenye magari mengi ya kisasa kontrola ndiyo inayoamuru solenoidi iachie, kwa hiyo angalia pia taa ndogo ya kontrola, hesabu inavyopepesa na ulinganishe na kitabu cha mtengenezaji.

Sasa kupima kwenyewe. Kupima kigari kikiwa kimeegeshwa hakukuonyeshi tatizo hili, kwa sababu betri mbovu bila mzigo inasoma karibu sawa na nzima. Kuinua matairi ya nyuma kwa jeki na kukanyaga mafuta nako hakusaidii. Mzigo haupo, na mota ya aina ya sirisi (ambayo koili zake zimeungwa mfululizo) ikizungushwa bila mzigo inaweza kupita kasi yake na kujivunja. Chukua nyaya mbili laini zenye urefu wa mita 3, kila moja na klipu ya meno mwishoni na fyuzi ya ampea 1 karibu na klipu. Klipu nyeusi ibane kwenye hasi kuu ya seti ya betri na ikae hapo muda wote. Nyekundu ibane kwenye chanya kuu. Mita ifunge kwa utepe wa gundi mbele ya usukani mahali ambapo msaidizi anaiona, kisha mwende kwenye kilima kile kile.

Seti ya volti 48 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 50.9. Kigari kikipanda namba ikashuka hadi 46 au 47 na kukaa hapo, hali ni ya kawaida. Ikidumbukia hadi 40 au chini, halafu kigari kikazima na namba ikapanda tena papo hapo, kontrola imejilinda kwa sababu volti zimekwisha: kosa liko kwenye betri au kwenye kebo zinazoziunganisha. Lakini mita ikionyesha 48 huku kigari kimekufa, betri zimetoka kwenye lawama. Hamishia klipu nyekundu kwenye upande wa solenoidi unaokwenda kontrola, kisha mpande kilima tena. Volti zikipotea hapo, pima kwenye vile vichwa viwili vidogo vya koili. Koili ina volti zake kamili na njia haifunguki? Solenoidi imekwisha. Koili imepoteza volti? Rudi kwenye nyaya nyembamba.

Nitakaa zaidi kwenye kebo na vichwa vya betri, maana hapo ndipo ningeweka saa yangu ya kwanza ya kazi siku yoyote. Muunganiko unaopoteza nusu volti tu kwenye ampea 200 unazalisha wati 100 za joto sehemu ndogo kama kidole. Risasi ya kichwa cha betri inalainika, nati inalegea, upotevu unaongezeka, joto linazidi. Ndiyo maana kigari kinazima kikiwa moto na kupona kikipoa. Ukiona kichwa cha betri kimeyeyuka upande mmoja kama mshumaa, umeshampata mhusika, lakini usiishie kubadilisha betri peke yake. Kebo iliyokuwa hapo nayo imekwisha. Kata kidogo ganda la kebo karibu na lagi, kile kichwa cha chuma kilichobanwa mwishoni mwake. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani ndani, itupe, hata kama nje inang'aa.

Kabla ya kufungua chochote, vua pete na saa, zima ufunguo, weka swichi inayotumika kigari kinapovutwa na kingine kwenye nafasi ya kuvutwa ("tow"), kisha toa hasi kuu kwanza. Kontrola inabaki na chaji kwa muda hata betri zikiwa zimetolewa, basi usiweke spana kwenye vichwa vyake haraka haraka. Osha kutu kwa vijiko 4 vikubwa vya bekingi soda kwenye lita 1 ya maji, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa vizuri. Soda ikiingia ndani inaua asidi. Suuza, kausha, piga brashi ya waya mpaka risasi ing'ae. Kebo mpya iwe ya milimita za mraba 25, na kwa vilima vyetu napendelea 35. Lagi ibanwe kwa mashine ya kubania, isipigwe nyundo. Kaza kwa takriban Nm 11 (kipimo cha nguvu ya kukaza), ndipo upake mafuta ya mgando juu. Ukipaka kabla ya kukaza unaweka utando mahali panapohitaji chuma kwa chuma.

Betri zenyewe zipime moja moja wakati kigari kinapanda. Kwenye seti ya betri sita za volti 8, tano zikiwa 7.7 na moja 6.5, huyo ndiye anayewaangusha wenzake. Thibitisha kwa hidromita, kipimo cha uzito wa asidi: seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.277, na seli moja ikipishana na nyingine kwa 0.050 imechoka. Namba hizo ni za nyuzi 27. Asubuhi ya Njombe asidi ikiwa nyuzi 10, toa kama 0.012 kwenye unachosoma, la sivyo utadhani betri imejaa kumbe bado. Seti ikiwa na miaka minne au zaidi, usichomeke betri moja mpya katikati ya wazee; itazeeka pamoja nao ndani ya muda mfupi. Na mwenye kuongeza maji aongeze maji yaliyosafishwa, si asidi, baada ya kuchaji. Dukani vyote viwili huitwa maji ya betri, kwa hiyo soma chupa. Umeme unaokatika usiku nao uhesabu: chaja iliyosimama katikati ya kazi inakuachia seti nusu, na kigari kitazima kilimani bila kifaa chochote kuwa kibovu.

Solenoidi ipime volti kati ya vichwa vyake viwili vikubwa, kigari kikiwa kinavuta. Inapaswa kuwa karibu sifuri, ikizidi 0.3 miguso imeungua. Usiweke ya kuwashia gari la kawaida: koili yake ni ya volti 12 na haikutengenezwa kushika muda mrefu. Ya volti 48 mara nyingi utaiagiza, hutaikuta kila duka la Mwanjelwa, Mbeya. Ukifunga mpya, rudisha rizista na dayodi zilizokuwa kwenye ya zamani, na mstari wa dayodi uelekee upande chanya wa koili. Ukiigeuza unatengeneza shoti.

Kwenye pedali, shida ni vumbi na maji kuingia kwenye swichi ndogo. Tikisa nyaya zake msaidizi akiwa amekanyaga taratibu, breki ya mkono imefungwa, matairi yamezuiwa. Kihisi cha pedali ya mwendo aina ya omu 0 hadi 5,000 kinatakiwa kupanda bila kuruka. Namba ikirukaruka katikati, kibadilishe. Kigari kinachokwama kikianza tu na kuondoka ukikisukuma kidogo kinaelekeza kwenye kaboni za mota zilizoisha. Kinachokwenda kwa kushtukashtuka kinaelekeza kwenye kihisi cha mwendo mwishoni mwa mota. Safisha soketi yake kwanza.

Wenye betri za lithiamu hawana vichwa vya risasi vya kuyeyuka, ila wana bodi ya ulinzi ndani. Bodi ya ampea 100 itakata kila mkifika kwenye mwinuko mkali, na hakuna kebo itakayoiponya. Inahitajika yenye uwezo mkubwa zaidi.

Ukishamaliza, usikabidhi kigari kwa kuzunguka uani. Pakia abiria wale wale, panda kilima kile kile mara kadhaa mfululizo mita ikiwa bado imefungwa, kisha fungua kiti na uguse kila kebo kwa mgongo wa kidole, ufunguo ukiwa umezimwa. Ile yenye joto kuliko wenzake, ifungue tena.