Rola kosta kurudi nyuma si kuharibika

Rola kosta mpya, yaani treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi relini, ikishindwa kuvuka kilele wakati wa majaribio, wengi husema imejengwa vibaya. Sivyo. Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, iliyofunguliwa 2005, ilirushwa kwa kilomita 206 kwa saa ili ipande mnara wa mita 139. Hata upepo uliweza kuipunguzia kasi, ikateremka kinyumenyume. Wahandisi walilijua hilo tangu kwenye michoro, ndiyo maana breki za sumaku ziliinuka relini mara treni ilipopita, tayari kuidaka.

Kwangu mimi, jaribio kama hilo ni habari njema: breki zimeonekana zikifanya kazi kabla mtoto wa mtu hajaketi humo. Viti huwa vimekaliwa na midoli ya plastiki iliyojazwa maji, yenye uzito wa abiria.