Je, wajua kwa nini fedha za kuimarisha asasi za kiraia huchelewa kuwafikia wenyeji wa Kivu?

Katika vilima vya Masisi, mkoani Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mgogoro wa shamba ukizuka kati ya mkulima na mfugaji, wanaoitwa kwanza ni wazee wa kijiji, viongozi wa makanisa, kina mama wa vikundi vya kuweka akiba na mjumbe wa mwami, yaani mtawala wa jadi. Hao ndio wanaokumbuka nani alilima wapi kabla ya mapigano ya mwaka 1993, nani alikimbia, na nani aliporudi alikuta ardhi yake imekwisha kuuzwa. Wafadhili wa kimataifa wanalifahamu jambo hilo vizuri, na kwa miaka mingi wametoa ruzuku kwa jina la kuimarisha asasi za kiraia katika maeneo yenye vita. Hata hivyo, sehemu inayofika moja kwa moja mikononi mwa wenyeji ni ndogo mno. Mwezi Mei 2016, katika mkutano wa dunia wa misaada ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya kimataifa waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ingewafikia watendaji wa ndani ya nchi kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipofika, fedha zilizokwenda kwao bila kupitia kwa mtu wa kati zilikuwa bado asilimia chache tu.

Sababu ya kwanza ni hesabu za kawaida za kiofisi. Afisa wa mfadhili aliyepewa mamilioni ya dola ya kugawa ndani ya mwaka mmoja, pamoja na wasaidizi wachache, anajua kwamba mkataba wa dola 10,000 unadai karibu kazi ileile inayodaiwa na mkataba wa dola milioni 5: kuchunguza historia ya shirika, kupitia bajeti, kusoma taarifa za kila robo mwaka na kuagiza ukaguzi wa hesabu. Kwa hiyo hutoa mkataba mmoja mkubwa kwa shirika la Umoja wa Mataifa au shirika la kimataifa lisilo la kiserikali, nalo hugawa sehemu ya fedha kwa shirika la kitaifa lenye ofisi Goma au Bukavu, miji mikuu ya Kivu Kaskazini na Kusini, na hilo la kitaifa hatimaye hukifikia kikundi cha kijijini, mara nyingi kwa mkataba wa miezi sita au mwaka mmoja.

Sababu ya pili ni sheria, na haizungumzwi vya kutosha. Kundi la waasi la M23 liliwekwa kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu Desemba 2012, na Marekani ikaliwekea vikwazo vyake mwezi uliofuata. Anayepeleka mbegu au vifaa vya mkutano katika kijiji kilicho chini ya kundi la namna hiyo huenda akatozwa ushuru kwenye kizuizi cha barabarani, na mfadhili huogopa kwamba ushuru huo utahesabiwa kuwa ni kulifadhili kundi lenye silaha. Suluhisho linalopendwa ni kutafuta mtu wa kati mwenye wanasheria na bima, ambaye atabeba lawama jambo likiharibika. Ukweli wa mambo ni kwamba hatari yenyewe haimwondokei mwenyeji. Mtu wa kati hubeba hatari ya mahakamani, na yule anayepanda pikipiki kwenda kijijini hubaki na hatari ya kukamatwa au kupigwa risasi, huku akiwa ndiye asiye na bima.

Kuna pia suala la usajili. Nchini Kongo, vyama visivyotafuta faida vinaongozwa na sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001, ambayo inakabidhi uamuzi wa kuvipa hadhi kamili ya kisheria kwa waziri wa sheria. Kikundi cha wanawake wa Walikale au Shabunda, ambako hata kufika makao makuu ya mkoa ni kazi nzito, kinatakiwa kufuatilia jalada lake hadi Kinshasa, mji ambao hauunganishwi na Kivu kwa barabara ya kutegemewa. Vikundi vingi hufanya kazi kwa miaka na kibali cha muda au barua ya kutambuliwa na serikali ya mtaa, na mlangoni kwa mfadhili karatasi hizo hazitoshi.

Lakini jambo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni swali la nani hulipiwa gharama za uendeshaji. Kila ruzuku huwa na sehemu mbili: fedha za shughuli zenyewe, kama vile mafunzo, mikutano ya upatanisho na miche ya miti, na fedha za kulifanya shirika liwepo, kama vile kodi ya ofisi, mhasibu, mafuta ya jenereta, intaneti, ukaguzi wa hesabu na mishahara ya kipindi kisicho na mradi. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 7 kwa gharama hizi zisizo za moja kwa moja, na mashirika ya Umoja wa Mataifa hukata kiasi kinachokaribia hicho. Marekani ilipandisha kiwango chake cha kawaida kutoka asilimia 10 hadi 15 mwezi Oktoba 2024. Fedha zinapopita mkono kwa mkono, wa kwanza hukata fungu lake, wa pili naye hukata lake, na yule wa mwisho, ambaye ndiye hasa aliyetajwa katika andiko la mradi kama mtu wa kuimarishwa, mara nyingi hupewa fedha za shughuli peke yake.

Matokeo yake yanaonekana wazi kwa yeyote aliyefuatilia maisha ya shirika dogo. Mhasibu kijana hufundishwa kazi kwa fedha za mradi, na mradi ukimalizika mwezi Desemba hakuna mshahara wa Januari, naye huenda kuajiriwa na shirika la kimataifa linalolipa mara kadhaa zaidi. Mfadhili anayefuata hukuta shirika halina mhasibu, na hapo hulihesabu kuwa dhaifu, hulinyima ruzuku kubwa na kulipendekezea mafunzo mengine ya uhasibu. Shirika lililoanzishwa kupatanisha watu juu ya ardhi hujikuta mwaka huu likifundisha kunawa mikono, mwaka ujao likigawa majiko sanifu, kwa sababu hizo ndizo fedha zilizotangazwa. Wanakijiji huona mabadiliko hayo, na imani waliyokuwa nayo kwa wapatanishi wao hupungua. Inaniuma kuona fedha zilizotolewa kwa nia njema zikidhoofisha kile kilichokusudiwa kujengwa.

Hata karatasi za kawaida zina uzito wake. Orodha ya mahudhurio yenye majina, sahihi na namba za simu ni uthibitisho tu kwa mkaguzi wa hesabu aliyeko Brussels. Katika mji ambao utawala unaweza kubadilika usiku mmoja, orodha hiyohiyo yaweza kumwonyesha mtawala mpya nani alihudhuria mkutano wa haki za binadamu. Mfadhili mwenye busara hukubali uthibitisho wa aina nyingine, lakini kanuni zake zisiporuhusu, mwenyeji huchagua kati ya kupoteza ruzuku na kuwahatarisha majirani zake.

Ruzuku inayoimarisha kweli ina sura tofauti. Mfuko wa Wanawake kwa ajili ya Amani na Misaada ya Kibinadamu, ulio chini ya Umoja wa Mataifa na unaofanya kazi Kongo pia, hutenganisha ruzuku za miradi na ruzuku ndogo za kuendesha taasisi, ili asasi ya wanawake iweze kulipa kodi na mishahara vita vinapopamba moto. Jijini Nairobi, mtandao wa NEAR wa asasi za nchi zinazoendelea umeanzisha mfuko wake wa dharura ambao maamuzi yake hufanywa na viongozi wa asasi hizohizo.

Sudan imekwenda mbali zaidi. Baada ya vita kuzuka tarehe 15 Aprili 2023, vijana wa mitaa ya Khartoum na miji mingine waliunda kamati za kujitolea zijulikanazo kama vyumba vya dharura, zikipika chakula katika majiko ya pamoja na kuwahamisha waliozingirwa. Nyingi hazina usajili wowote, kwa hiyo mashirika yaliyosajiliwa hutia sahihi mkataba na mfadhili, kisha hupitisha fedha kwa kamati hizo, mara nyingi kwa programu ya simu ya Benki ya Khartoum iitwayo Bankak, na watu wa mtaa ndio huamua zitumikeje. Mtu wa kati bado yupo hapo, lakini kazi yake ni kupitisha fedha na kujibu maswali ya mfadhili, bila kumpangia mwenyeji la kufanya. Mwaka 2025 vyumba hivyo vilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Mwaka huohuo ulionyesha pia ubaya wa kutegemea mnyororo mmoja. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imetoa zaidi ya nusu ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likakoma kufanya kazi. Nchini Sudan majiko ya pamoja kwa mamia yalifungwa. Huko Goma pigo lilikuwa mara mbili, kwa kuwa mwishoni mwa Januari hiyohiyo mji uliangukia mikononi mwa M23, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukasimama. Asasi iliyokuwa na fedha kwenye akaunti haikuweza kuzitoa, na watu walitegemea fedha za kwenye simu au kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, nchini Rwanda, kutafuta noti. Kwa hali hiyo, kanuni ya kutokuwa na akiba, ambayo mikataba mingi huisisitiza kwa kudai salio lote lirudishwe mradi unapofungwa, iliwaumiza zaidi wale waliokuwa wameitii kikamilifu. Baadhi ya wafadhili sasa hukubali kipengele cha akiba ya dharura ndani ya bajeti, kinachotumika bila kuomba ruhusa mapigano yanapozuka, na kwa shirika la Masisi au Rutshuru kipengele hicho kina thamani kuliko semina yoyote ya kujengewa uwezo.