Ukimwondoa mla wenzake, je, waliobaki hustawi?

Wengi hudhani hivyo: mwindaji akiondoka, kila kiumbe kinapumua. Mwaka 1963 mwanaekolojia Robert Paine alianza kuwabandua viti vya pweza, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, kwenye kipande cha mwamba, pwani ya jimbo la Washington, Marekani, na kuwatupa baharini. Walionufaika ni kome, tena kupita kiasi. Walitanda mwambani, wakabanana ubavu kwa ubavu hadi mwani na konokono wakakosa pa kujishikiza. Spishi 15 zikashuka hadi 8. Kumbe kilichogombewa pale hasa ni nafasi, na viti vya pweza, kwa kuwala kome, walikuwa wakiwaachia wengine pa kuishi. Si kila mla nyama ana uzito huo, lakini; wapo wanaoondoka na mabadiliko yakawa madogo tu.