Betri ya pili haiunguzi alteneta kwa kuwapo tu
Ujumbe unaozungushwa katika makundi ya madereva wa Mbeya na Iringa unadai kwamba kufunga betri ya pili kwenye gari lazima kuunguze alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Si kweli. Alteneta hushikilia volti zipatazo 14, na betri huvuta ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) kulingana na upungufu wa chaji yake. Iliyojaa huvuta kidogo sana. Mkanganyiko hutokana na betri kubwa iliyokwisha chaji, hasa ya lithiamu, ambayo huweza kuvuta ampea nyingi kwa muda mrefu gari likiwa limekwama kwenye foleni ya Mwanjelwa, Mbeya, feni inayopoza alteneta ikizunguka polepole. Hapo kinachoharibu ni joto. Badala ya kuusambaza tena ujumbe huo, jambo ambalo tunaomba likome, mwombe fundi umeme apime ampea zinazovutwa na betri na kuzilinganisha na uwezo wa alteneta yako. Zikizidi, ifungwe chaja inayozidhibiti, pamoja na fyuzi.