Kimya baada ya swali si dalili ya kushindwa

Walimu wengi huamini kwamba somo zuri ni lile la maswali ya harakaharaka: mwalimu anauliza, mikono inanyooshwa, jibu linatoka, swali jingine linafuata. Darasa likinyamaza kidogo, mwalimu huingiwa na wasiwasi na kujijibu mwenyewe. Hapo ndipo kosa lilipo.

Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wa sayansi walisubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde 1 tu! Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi walitoa sababu, na hata waliozoea kunyamaza walianza kuchangia. Alihimiza pia kimya cha pili, baada ya mwanafunzi kujibu, ambacho wengi wetu tunakisahau kabisa.

Hata hivyo, kusubiri hakuokoi swali bovu. "Mmeelewa?" huzaa "ndiyo" ya pamoja isiyoeleza lolote, lakini "Kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo?" humlazimisha mtoto kufikiri. Na jina litajwe mwisho, baada ya swali: ukimtaja Asha kwanza, wenzake wote wameshapumzika.