D4 Haikuua Gari Lako

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia gereji na Toyota Premio ya 2004, injini ikitetemeka na taa ya onyo imewaka. Hakutaka nipime chochote. "Fundi, nitolee tu hiyo injini. Nimeambiwa ni D4." Alikuwa ameshaulizia bei ya injini ya mtumba Kirinyaga Road na ameanza kukopa pesa. Nilimsihi aniachie gari siku mbili. Tulipofungua manifoldi ya hewa tukakuta kaboni imeganda kwenye vali kama masizi ya sufuria la makaa. Pistoni zilikuwa nzima, kompresheni nzuri, pampu ya presha inafanya kazi. Tukasafisha, tukabadilisha plagi na kichungi cha petroli, akaondoka na injini ileile aliyokuja nayo.

Nimefungua injini hapa Industrial Area, Nairobi, miaka mingi, na hakuna maneno yanayonichosha kama haya ya mtaani kuhusu injini. Nayajibu moja baada ya jingine.

"D4 ni injini mbovu, usiiguse"

D4 si injini. Ni mfumo wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, badala ya kuipuliza kwenye njia ya hewa, nyuma ya vali. Toyota walianza nao 1996 katika injini ya 3S-FSE. Mwaka 2000 ikaja 1AZ-FSE ya lita 2, ambayo ndiyo iliyojaa Nairobi ndani ya Premio, Allion, Wish, Noah na RAV4. Herufi S katika FSE ndiyo inayokuambia kwamba petroli inaingia moja kwa moja. Fungua boneti usome jina la injini, usisikilize mtaa.

Mtaa wenyewe haujui unachokiogopa. Kijana anakuja na Mark X ya lita 2.5, ananieleza kwa kujiamini kwamba yeye hawezi kununua D4. Gari lake lina 4GR-FSE, na hiyo ni D4 tupu! Mwingine anaikimbia Premio ya lita 2 ya 2008 kwa sababu ya jina, na ile tayari ina 3ZR-FAE, isiyo na mfumo huo kabisa. Wa tatu ameona maandishi ya D-4D nyuma ya Hilux akaanza kuniuliza kama nayo itamsumbua. Hiyo ni dizeli, mzee. Ni habari nyingine kabisa.

Sasa, D4 ina udhaifu? Ndiyo, na ninautaja bila kuuficha. Katika injini ya kawaida, petroli inapita juu ya mgongo wa vali ya kuingiza hewa na kuiosha kila mara. Katika D4 petroli haifiki hapo. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini, pamoja na moshi wa ekzosi unaorudishwa na EGR (mfumo wa kuurudisha kwenye njia ya hewa), vinakutana kwenye vali yenye joto na kuganda. Mwaka hadi mwaka njia ya hewa inazidi kuwa nyembamba. Injini inaanza kutetemeka gari likiwa limesimama, inakosa nguvu kwenye mlima, asubuhi inasumbua kuwaka. Hapo ndipo mtu anaambiwa, "Si nilikuambia ni D4?"

Kuna kitu kinachoniuma zaidi. Watu wanauziwa chupa za dawa za kumimina kwenye tanki ili "kuosha vali". Nimetoka kueleza kwamba petroli haigusi vali hizo. Itazioshaje? Dawa hiyo inaweza kusaidia noseli (vipulizio vya petroli) kidogo, basi. Vali za D4 zinasafishwa kwa mkono: manifoldi inatolewa, kaboni inalainishwa, inakwanguliwa na kunyonywa silinda moja baada ya nyingine huku vali zake zikiwa zimefungwa. Ni kazi ya siku nzima, na bado ni nafuu kuliko injini nyingine ambayo historia yake huijui.

Na kaboni yenyewe inatoka wapi kwa wingi namna hiyo? Inatoka kwenye oili iliyozeeka. Ringi za pistoni zikishika kwa uchafu, mvuke wa oili unaongezeka, na wote unaelekea kwenye vali. Fikiria pia umri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kila 1AZ unayoiona Thika Road leo imekaa nchini muda mrefu na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Wangapi kati yao walibadilisha oili kila kilomita 5,000? Mimi nasisitiza 5,000 na sitaki kusikia 10,000 kwa gari la Nairobi. Ukikaa saa moja Mombasa Road bila kusogea, kilomita hazihesabiki lakini injini inafanya kazi.

Halafu pampu. D4 inatumia presha inayoweza kupita bar 100, wakati injini ya kawaida inatosheka na takriban bar 3. Pampu ya namna hiyo haivumilii maji wala uchafu. Wewe unatembea wiki nzima taa ya petroli ikiwaka, unaongeza ya shilingi mia tano leo, mia tano kesho. Pampu ya ndani ya tanki inapozwa na petroli hiyohiyo unayoinyima, na kichungi kilicho humo ndani hakuna anayekikumbuka mpaka gari lizime barabarani. Jaza nusu tanki. Nimelisema hili kwa wateja wangu mpaka wengine wameanza kuwaambia wenzao.

Kasoro ambayo siwezi kumlaumu dereva ni ya bolti za hedi (kifuniko cha juu cha injini). Katika familia ya AZ, uzi wa bolti hizo kwenye bloku ya alumini unaweza kung'oka, hasa upande wa nyuma, na injini ikaanza kupoteza maji na kuchemka. Lakini ugonjwa huo umeikumba sana 2AZ-FE, ambayo si D4. Tiba ipo: bloku inatobolewa na kuwekewa uzi mpya wa chuma. Ukiona gari linapungua maji bila kuvuja chini, lilete mapema, kabla hedi haijapinda.

"Nairobi ni joto, toa thermostati"

Nimeirudisha thermostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye redieta mpaka injini ipate joto, kwenye magari mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Bila hiyo injini inabaki baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka, kaboni inaongezeka. Kama gari linachemka, kuna sababu: redieta imeziba, feni haifanyi kazi, mfuniko wa redieta umelegea. Mfuniko huo ni muhimu sana kwetu, kwa kuwa jiji hili liko juu na maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Presha ya mfuniko ndiyo inayopandisha kiwango hicho. Na weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Maji ya mfereji yanakula alumini.

"Oili nzito inalinda injini"

Injini yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kufunguka) inatumia oili kusukuma gia za kemshafti, mhimili unaofungua vali, kupitia vijia vyembamba sana. Ukiimwagia 20W-50, oili nzito, wakati kitabu kinasema 5W-30, nyepesi, asubuhi ya baridi ya Julai oili inachelewa kufika juu, na hapo ndipo chuma kinapolika. Oili nzito inanyamazisha kelele ya injini iliyochoka. Haiiponyi.

"Prado ya 1KZ haifi, ya 1KD inakufa tu"

1KZ-TE, dizeli ya zamani ya Prado, ikichemka mara moja, hedi inapasuka. Wazee wanaoisifu wamesahau hedi walizonunua. 1KD-FTV, dizeli iliyoifuata, ndiyo, ina ugonjwa unaojulikana: sili za shaba chini ya noseli zikichoka, moshi wa mwako unavuja na kuingia kwenye oili, masizi yanaziba kichujio cha kufyonzea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakauka ikiwa mbioni. Ukinunua 1KD, badilisha sili hizo na ushushe sampu ukague kichujio kabla ya safari ya kwanza ya shamba. Wateja wangu waliofanya hivyo bado wanapanda nazo Timboroa.

"Gari la Ulaya lote ni hasara"

Lote, hapana. Injini chache, ndiyo, na nazitaja. BMW N47 ya dizeli ina cheni ya taimingi upande wa nyuma, upande wa gia boksi, na ikianza kulia kazi yake ni kubwa. VW 1.4 TSI yenye turbo pamoja na supachaja imevunja pistoni kwenye kuta nyembamba zinazotenganisha ringi. Mercedes M271 inakula cheni na gia za kemshafti. Kama huna akiba ya kazi hizo, usinunue, hata likikupendeza namna gani.

"Subaru inakunywa oili, ndivyo zilivyo"

EJ20, injini ya Subaru, ilitengenezwa kuanzia 1989 mpaka 2019. Injini mbovu haiishi miaka 30. Ile ya turbo inaweza kupunguza oili ikiendeshwa kwa kasi, kwa hiyo vuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) kila Jumamosi, gari likiwa limesimama pa tambarare. Wengi wanaoniletea EJ iliyonoki (inayogonga kwa ndani) hawajawahi kuigusa dipstiki.

"CX-5 ya dizeli ina injini mbaya"

CX-5 ya Mazda ina injini nzuri iliyonunuliwa na mtu asiyesafiri. Kichujio chake cha masizi kinahitaji mwendo mrefu ili kijichome na kujisafisha. Ukiitumia kutoka Kilimani hadi Westlands tu, zoezi hilo linakatizwa kila siku, na dizeli iliyopulizwa kwa ajili yake inateremka kwenye oili. Oili inapanda badala ya kupungua. Mazda wenyewe wameweka alama ya X kwenye dipstiki, juu ya F (alama ya oili kujaa). Oili ikifika X, usingoje kilomita zitimie: ibadilishe siku hiyohiyo, kisha lipeleke gari Naivasha na kurudi.